Vitopwe Kumi na Viwili

Jumatatu, 3 Februari

Mvua tangu alfajiri. Steshenari haina mteja. Mimi na mashine ya kutoa kopi tumekaa tukitazamana kama wachumba walionuniana.

Jambo kubwa! Kwenye chekechea anakofundisha mke wangu Apolonia, hapa hapa mtaani Soweto, Mbeya, amefika Dokta Eveline. Si daktari wa sindano. Ni dokta wa lugha, katokea chuo kikuu. Anachunguza namna watoto wanavyojifunza kusema. Nilimwambia Apolonia kuwa hilo halihitaji dokta. Mtoto amefunga mdomo, siku moja anaufungua, basi. Apolonia akanitazama vile anavyonitazamaga.

Lakini kuna hili. Dokta anatafuta mwalimu mmoja wa kufanya naye kazi miaka mitatu, Mbeya na Iringa. Apolonia anaitaka kazi hiyo kuliko kitu chochote tangu nimjue. Hajasema. Nimejua kwa sababu amepiga pasi gauni la Krismasi na leo ni Februari. Tena amemwapia Dokta kwamba nyumbani hatatoa hata neno moja kuhusu maswali wanayoulizwa watoto. Nimemjaribu kwa chai ya maziwa. Nimemjaribu kwa kununa. Hasemi!

Saa nne nikampelekea Anjela sweta. Anjela ni binti yetu, miaka minne na nusu, yuko darasa la mama yake. Nikapita nyuma ya darasa. Sikwenda kuchungulia. Dirisha lenyewe liko juu. Nilipanda tofali nikaona dari tu. Ila masikio hayahitaji tofali.

Nikamsikia Dokta akisema, "Anjela, tazama hapa. Kitopwe. Haya, na hapa je? Hapa pana nini?"

Anjela akajibu bila kufikiri: "Vitopwe! Vitopwe viwili vimelala."

Kalamu ikakwaruza. Nikasikia karatasi ya biskuti. Akaja mtoto wa pili, wa tatu, wa nne. Wote vitopwe. Kila kitopwe, biskuti. Mwisho Dokta akamwambia Apolonia kwamba vitopwe alivyonavyo havitoshi, na kabla ya kwenda Kalenga, kule Iringa, atahitaji vingine kama kumi na viwili.

Nikashuka kwenye tofali. Nina miaka thelathini na tisa. Nimezaliwa Tukuyu, nimemaliza kidato cha nne, nimeishi mjini miaka kumi na minane. Kitopwe sijawahi kukiona. Mtoto wa miaka minne anakijua! Shule zimebadilika.

Mpango: nitamletea Dokta vitopwe kumi na viwili. Atauliza, ni nani huyu bwana? Ataambiwa, ni Timotheo, mume wa Mwalimu Apolonia. Kazi imepatikana. Wala Apolonia hatajua mpaka siku yenyewe.

Usiku, Apolonia akiwa jikoni, nikamhoji Anjela. Kitopwe ni nini? Akasema kitopwe ni kitopwe. Kina nini? Miguu. Mingapi? Akahesabu kwenye vidole vyangu: mitatu. Kimelala au amelala? "Kimelala, baba." Akanitazama kama vile mimi ndiye wa chekechea.

Basi ni kitu. Kitu chenye miguu mitatu. Ni kigoda! Kigoda cha kisasa, cha wasomi.

Mama yake alipoingia, Anjela akalalamika kuwa biskuti zimemuumiza majino. Apolonia akachomoa daftari lake la kijani, akaandika. Huandika hivyo kila mtu akiongea mle ndani. Nadhani ni orodha ya makosa yangu. Ni nene.

Jumanne, 4 Februari

Nimetafuta kwenye kamusi ya dukani. Kitabu kipo, kitana kipo, kitopwe hakuna. Kamusi ya zamani hii.

Nikaamua kuulizia kwa siri. Nikaanza na Adrian, fundi simu wa kibanda cha jirani, mtu ambaye akijua jambo, Soweto nzima inalijua kabla chai haijapoa. Kwa hiyo sikumuuliza. Nikasema tu, kama mtu anayejisemea, kwamba siku hizi kupata kitopwe ni shida.

Adrian hakuinua hata kichwa. Akasema, "Ee, vitopwe vimeadimika."

Nikaganda! Mimi nilimtajia kimoja. Yeye akasema vitopwe. Nani alimwambia kuwa vikiwa vingi huitwa hivyo? Anavijua! Pengine anavyo!

Mchana akaja Masanja kutoa kopi za vibali vya mifugo. Masanja ni Msukuma, wazazi wake walihamia bonde la Usangu na ng'ombe wao yeye akiwa mgongoni. Mtu wa busara. Nikamuuliza kama kwao kuna kitopwe. Akafikiri muda mrefu, hata mashine ikajizima.

Akauliza, "Kikifa, huwa mnasema kimekufa au amekufa?"

Nikasema sijui, sijawahi kufiwa nacho.

Akasema hapo ndipo penye kazi. Kama ni kiti, kimekufa. Kama ni mnyama, hata akiitwa kiboko au kifaru, amekufa. Ingawa yeye kwao, Kiswahili alijifunzia sokoni, na sokoni kila mtu anasema anavyopenda, na ng'ombe wanauzwa vilevile. Akachukua kopi zake akaondoka. Nikabaki na swali ambalo sikuwa nalo asubuhi.

Nikamwamsha Anjela kwenye usingizi wa mchana kuhakikisha. Kiboko amelala au kimelala? "Kimelala." Kifaru? "Kimelala." Mama? "Amelala." Bibi? "Amelala." Kijana? Akafikiri. "Kijana kimeamka." Apolonia, ndiyo kwanza anaingia, akaandika.

Sasa nimechanganyikiwa zaidi. Lakini miguu ni mitatu. Mnyama wa miguu mitatu hayupo. Nabaki kwenye kigoda.

Jumatano, 5 Februari

Mafinga! Ukitaka kitu cha mbao, nenda mbao zinakozaliwa. Nikamwambia Apolonia naenda kutafuta karatasi za bei nafuu. Basi la saa kumi na mbili. Chimala, Igawa, Makambako, ukungu, malori ya magogo, halafu harufu ya paini ikaingia mpaka kwenye andazi langu.

Nikaelekezwa kwa fundi Bartholomeo, nyuma ya kiwanda cha kupasua mbao. Mzee mpana, penseli sikioni, vumbi la mbao mpaka kwenye kope. Tukasalimiana kamwene, kamwene. Nikamuuliza taratibu, nisionekane mgeni wa mambo, kama anatengeneza vitopwe.

Hakupepesa jicho. Akasema, "Vya aina gani?"

Nikasema vya miguu mitatu.

"Ahaa. Hivyo vya miguu mitatu. Vya minne tuliacha."

Mnaona! Niliogopa bure. Mafinga wanavyo! Akauliza kama vya kwangu vina mgongo au havina. Nikasita. Akanitazama kwa mashaka kidogo, kama mtu aliyeanza kugundua kuwa mteja hajui anachonunua. Nikatoka nje, nikapiga simu nyumbani, nikaomba niongee na mtoto. Apolonia akauliza kuna nini. Nikasema nimemkumbuka. Nikamuuliza Anjela kwa sauti ya chini, kitopwe kina mgongo? Akasema kina mkia.

Nikarudi, nikamwambia fundi: vina mkia.

Fundi Bartholomeo akashusha penseli. Akasema, "Mkia ni kazi ya ziada."

Tukakubaliana. Yeye anamwoza binti yake, anahitaji kadi za harusi. Mimi nitachapa kadi, yeye atachonga vitopwe kumi na viwili vyenye mikia, vije na lori la mbao Jumamosi asubuhi. Akanimiminia ulanzi kwenye kikombe cha bati. Tukanywa kwa afya ya vitopwe.

Njia nzima nikitabasamu. Mama mmoja jirani yangu kwenye basi akahamia kiti cha nyuma.

Jumalamisi... Alhamisi! Ulanzi bado uko kichwani. Alhamisi, 6 Februari

Hasira. Nimefika dukani, kwenye kibanda cha Adrian kuna kibao kipya, rangi haijakauka: TUNATENGENEZA MAVITOPWE YA AINA ZOTE. MAPYA NA MABOVU.

Mavitopwe!

Nikamwendea. Nikamwambia mambo mawili. Kwanza, hajui kitopwe ni nini. Pili, hata kama angejua, si mavitopwe, ni vitopwe. Akasema mimi ndiye sijui. Akasema kama ni kimoja, kitopwe. Kama ni vitano, vitopwe. Kama yamejaa mpaka hayana pa kuwekwa, hayo ni mavitopwe, kama mavitu, kama mavyombo, kila mtu Mbeya anasema hivyo. Nikasema labda kwao. Akasema mimi mwenyewe juzi nimesema mavyombo yamejaa karoni. Uongo! Au labda nilisema.

Watu wakajaa. Muuza ndizi akasema mavitopwe. Mama wa duka la dawa akasema vitopwe, na kwamba kwao wangesema vilivyovunjika ni vitopwe vibovu, si mavitopwe mabovu. Konda mmoja akapita akauliza tunabishania nini, akaambiwa, akasimama upande wa vitopwe kwa nguvu zote. Katika watu kumi na tano hakuna hata mmoja aliyeuliza kitopwe ni nini. Lakini kila mmoja alikuwa tayari kupigana kwa ajili ya wingi wake. Ajabu. Nimeiandika hapa, sijui maana yake.

Hofu ikanishika. Kama Adrian ataufikisha huu upotofu chekechea, Dokta atasikia "mavitopwe" na kudhani hapa kwetu hatuna shule. Saa sita mchana nikasimama getini na pakiti ya biskuti. Watoto wakatoka. Nikawakusanya, kumi na saba. Nikawafundisha. Kitopwe ni kigoda. Kigoda hakina roho. Kwa hiyo ni vitopwe viwili, vimelala, vinakaliwa. Si wawili. Nani atakayesema wawili? Hakuna! Maana wengine nilisikia walikuwa wanasema wawili, wamelala, kama vile kigoda kinaweza kupitiwa na usingizi. Nikawarudisha kwenye mstari. Biskuti kwa kila mmoja.

Nilirudi dukani nikijisikia mwalimu. Damu yangu ina ualimu.

Ijumaa, 7 Februari

Siku mbaya.

Apolonia amerudi saa tisa, hajavua viatu. Amekaa kitandani na gauni la Krismasi. Nikamuuliza kuna nini, akatikisa kichwa. Baadaye akasema, kiapo au si kiapo, atasema tu, kwa sababu kazi yenyewe imeshakwenda.

Dokta leo amewauliza watoto upya. Jumatatu walikuwa wamegawanyika, huyu anasema hivi, yule vile, na huo mgawanyiko ndio hasa uliomleta Dokta kutoka chuoni. Leo watoto wote kumi na saba wamesema jambo lilelile, neno kwa neno, kama wanasali. Mmoja akauliza kama anaweza kukalia.

Dokta hakufoka. Hilo ndilo lililomuumiza Apolonia. Alifunga jalada lake polepole, akasema kwamba kuna mtu amewafundisha, na kwamba aliyekuwa anayajua maswali ni mmoja tu. Kesho kuna kikao cha wazazi. Baada ya kikao Dokta anakwenda zake Kalenga, na atatafuta mwalimu huko huko.

"Mimi Kalenga ndiko nilikozaliwa," Apolonia akasema. "Nilitaka nirudi kule na kazi ya maana, mama aone." Akalia bila sauti, ameuma kanga.

Nikasimama pale mlangoni. Nilitaka kusema. Mdomo ulifunguka kabisa. Lakini nikafikiri: kesho asubuhi vitopwe vinafika. Dokta akiviona atasahau yote. Kwa nini niharibu mambo saa chache kabla hayajawa mazuri? Nikampikia viazi. Vikaungua. Anjela akasema mpikaji ni baba, si mama. Apolonia, na machozi yake, akavuta lile daftari akaandika.

Hata leo! Hata leo ananiandika!

Jumamosi, 8 Februari

Nitajaribu kuandika kwa utaratibu.

Saa mbili lori likafika. Vitopwe kumi na viwili, paini nyeupe, vernishi inanukia, miguu mitatu kila kimoja, na mikia iliyopinda juu vizuri sana. Fundi Bartholomeo ni fundi. Nikakodi guta, nikavipanga, nikavifunga kamba. Adrian akatoka kibandani, akatazama, akarudi ndani. Nafurahi niliipata dakika ile. Ilikuwa ya mwisho nzuri.

Kikao kilikuwa kimeanza. Wazazi wamebanana kwenye viti vya watoto, magoti masikioni. Dokta mbele, Apolonia pembeni, ameshika daftari kwa mikono miwili. Nikaingiza vitopwe kimoja kimoja. Hakuna aliyenizuia. Watu hawazuii kitu wasichokielewa.

"Dokta," nikasema, "ulihitaji vitopwe kumi na viwili. Hivi hapa. Mimi ni mume wa Mwalimu Apolonia."

Mvua tu kwenye bati. Dokta akakizunguka cha kwanza. Akakishika mkia.

"Baba, hiki ni nini?"

Nikacheka kidogo. Kazi yake ni kupima watu. "Kitopwe."

"Nani kakwambia?"

"Kinajulikana, Dokta. Mafinga vipo vya kila aina. Vya miguu minne ndivyo walivyoacha kutengeneza."

Akafungua jalada, akanionyesha picha. Mnyama. Kama mbuzi aliyeumbwa na mtu mwenye haraka. Miguu mitatu, sikio moja, mkia. Amelala.

"Kitopwe ndiye huyu," akasema. "Nimemchora mwenyewe. Kumi na viwili nilivyotaka ni michoro ya namna hii. Na jina nimelitunga mwenyewe, nikiwa nachambua mboga. Duniani hayupo."

Nikamuuliza kwa upole alikufa lini.

Mzazi mmoja akaanza kucheka akajizuia. Dokta akavuta pumzi, akanieleza kama anavyoelezwa mtu mzima aliyepotea stendi. Neno lilipaswa kuwa halijawahi kusikiwa na mtu yeyote. Mtoto akisikia kitopwe mara moja, kisha akasema vitopwe, hakuna aliyemfundisha. Ameokota kanuni kwenye vikombe na vitanda na viazi, akaipeleka mahali papya. Na alichotaka kukijua zaidi ni hiki: mtoto akimwona kwa macho kuwa ni mnyama, lakini jina limeanza na ki, atafuata macho au atafuata jina? Atasema vitopwe wawili au vitopwe viwili? Ndiyo maana hakumtajia mtu jibu. "Ila kuna mtu amewapa jibu," akasema, na hakumtazama Apolonia, na kila mtu chumbani akamtazama.

Sikuelewa mengi. Mbuzi yule bado ananisumbua. Lakini niliona vidole vya mke wangu juu ya lile daftari, vimekuwa vyeupe kwenye maungio. Hilo nililielewa.

"Ni mimi," nikasema. "Alhamisi, saa sita, hapo getini. Kwa biskuti. Yeye hajui. Aliapa hatasema na hakusema, na mimi nilimjaribu kwa kila njia. Maswali niliyasikia nyuma ya darasa nikiwa juu ya tofali."

Apolonia akanigeukia. Sura yake ikapita hali tatu na ya tatu sitaiandika.

Halafu akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Akamwendea Dokta, akaweka lile daftari la kijani mezani. "Hawa wa wiki hii wameharibika, Dokta," akasema. "Lakini hawa hapa hakuna aliyewagusa."

Miaka miwili! Kila alichosema Anjela na wenzake, na tarehe, na nani alikuwepo, na walikuwa wanafanya nini. Majino. Majicho. Chai moja, vyai viwili. Mwibaji ameiba kuku. Mpikaji. Kijana kimeamka. Mtoto mmoja alisema meno vizuri tangu akiwa na miaka miwili, kisha alipofika mitatu akaanza kusema majino, na Apolonia akaandika pembeni: hajasahau, amegundua. Hakuna hata ukurasa mmoja kunihusu. Nilitafuta. Hakuna.

Dokta akavuta kitu cha kukalia bila kutazama. Kilikuwa kitopwe. Akakaa juu yake, mkia nyuma yake, akasoma. Wazazi wakaondoka mmoja mmoja. Alisoma mpaka mvua ikakatika. Akainua kichwa, akamuuliza Apolonia, "Mwalimu, hili neno 'amegundua', nani alikufundisha?"

"Hakuna," Apolonia akasema. "Niliona tu."

Jumatatu wanakwenda Kalenga. Wote wawili, na Anjela. Kazi ni yake. Aliipata mwenyewe. Ingawa ukifikiria vizuri, nani aliyeleta kiti?

Jumapili, 9 Februari

Kanisani Apolonia alikaa upande wa kwaya. Nyumbani aliongea na mimi kuhusu ugali na kuhusu chumvi. Jioni, akipanga nguo, akasema, "Baba Anjela, nakushukuru kwa kusema ukweli mbele za watu." Nikavimba. Akaongeza, "Ungeusema Ijumaa nilipokuwa nalia, ningekushukuru zaidi." Nikapungua. Akaniachia kipande cha sabuni nzuri. Sijui kama ni msamaha au ni ujumbe.

Vitopwe viko uani. Watoto wa mtaa wanakaa juu yake wameelekea nyuma, wanashika mkia, wanaendesha. Nikawaambia ni vya kukalia. Wakaniambia wamekaa.

Simu kutoka Mafinga. Fundi Bartholomeo. Alitengeneza viwili vya ziada akaviweka barabarani, vikaenda. Sasa kuna nyumba ya wageni imeagiza ishirini, na mama mmoja wa Kisolanza anataka tutopwe twa watoto wa shule ya Jumapili. Tutopwe! Hata yeye, hajaulizwa na mtu, ametengeneza kadogo kake!

Nikaona ni wajibu wangu kumwambia. Nikamwambia fundi kwamba neno lile lilitungwa, kwamba kitopwe hakipo, hakijawahi kuwepo, na kama kingekuwepo kingekuwa mbuzi.

Nikasikia msumeno nyuma yake.

"Hakipo vipi, kaka, na mimi nimechukua oda?"

Akanikumbusha kadi za harusi.

Jumanne, 11 Februari

Nyumba kimya. Apolonia amepiga simu leo kutoka Kalenga. Mama yake amemchinjia kuku. Jana jioni walianza na watoto wa huko. Anasema wale wanaoongea Kihehe nyumbani wana mambo yao tofauti, na Dokta hajalala kwa furaha. Nikauliza wanatumia maneno gani. Akasema, "Timotheo." Hivyo tu. Akakata.

Nimekaa siku nzima na mashine, nikifikiri. Watu wanadhani sikujifunza kitu. Nimejifunza sana! Nimechukua somo lote la Dokta, nikalipindua, nikaona lilipo tundu. Dokta anahitaji neno ambalo halijawahi kusikiwa. Likisikiwa, limeharibika. Kitopwe kimeshaharibika kuanzia hapa mpaka Mafinga. Kazi ni ya miaka mitatu. Maneno mengine atayatoa wapi? Hawezi kuchambua mboga kila siku!

Kwa hiyo: MANENO MAPYA, HAYAJATUMIKA. Tangazo nimelichapa tayari, herufi kubwa, limebandikwa mlangoni. Nimetunga kumi na moja tangu asubuhi. Ili kuhakikisha ubora, nimeyasoma kwa sauti kwa kila mteja aliyeingia, na pia kwa Adrian, na kwa Masanja, na kwa watu wa kituo cha bodaboda. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuyasikia. Safi kabisa! Adrian ameyaandika kwenye kiganja, sijui ya nini.

La kwanza, na bora kuliko yote, ni "kibwesu". Limenijia lenyewe nikipiga mswaki. Nimelipenda hata nimelirudia mara ishirini barabarani.

Tatizo ni moja tu. Dokta atataka na wingi wake, na wingi wa kibwesu mimi siujui. Kesho napanda basi la kwanza kwenda Kalenga, nikawaulize wale watoto.